Nimemsahihishia Baba Gitaa, Sasa Anataka Kupiga Harusini

Mshauri mpendwa, shikamoo. Nakuandikia kwa sababu mimi ni mzito wa kusema ana kwa ana, hata darasani nikijua jibu huwa nalimeza, lakini hili nikilimeza litanisumbua mpaka kwenye mtihani.

Baba yangu ni fundi bomba na anapenda gitaa kupita kiasi, tatizo ni kwamba vidole vyake vinakwenda popote vinapotaka, na zamani mama akimwona tu anachomeka waya alikuwa anakumbuka ana nguo za kuanua. Likizo iliyopita nilisoma kitabu cha muziki wa kompyuta kutoka maktaba ya shule, nikajifunza kuunganisha gitaa lake la umeme na kifaa kinachogeuza kila noti kuwa midi, yaani maagizo ambayo kompyuta inayapiga kwa sauti yoyote utakayo, kinanda au filimbi, nikaupa kila uzi chaneli yake, njia ya peke yake ya kupitisha noti, ili akivuta uzi mmoja noti za nyuzi nyingine zisipinde, na hapo ndipo nilipopaswa kuishia. Lakini kwenye mipangilio ya noti niliona sehemu ya kuchagua noti zinazoruhusiwa, nikaacha za wimbo anaoupiga tu, kwa hiyo baba akikosea, kompyuta inaisogeza noti yake hadi kwenye ile sahihi iliyo jirani, na kwa kuwa gitaa la umeme peke yake halisikiki sana, yeye anasikia yaliyosahihishwa tu. Nilitaka afurahi jioni moja.

Sasa kafurahi mno. "Mama watoto, sikia hiyo!" anaita, na mama anaacha sufuria jikoni anakuja kucheza, na dada yangu mkubwa, anayeolewa mwezi ujao, akasema, "Baba, kumbe ulikuwa unatuficha!" akamwomba ampigie wimbo wa kuingilia ukumbini, baba akakubali palepale, nikasema kwa sauti ndogo kwamba basi kompyuta tutaibeba, akacheka, "Ya nini? Mimi mtoto wa kushikwa mkono? Nachomeka gitaa kwenye spika, basi." Nikimwambia ukweli nitamvunja moyo, nisipomwambia ataaibika mbele ya wakwe, na dada ataingia ukumbini kwa kelele za paka wanaogombana. Nilifikiria kujifanya mgonjwa lakini sioni itasaidia nini. Nifanye nini?

Mtoto wa Fundi Bomba

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Niache kwanza nicheke. Haya, nimemaliza.

Ulimpa baba yako zawadi bila kumwambia ni zawadi, naye akadhani ni mshahara wake. Ulifanya kwa upendo, nakubali, ila usinikunjie mikono hapo ukisubiri pongezi. Unaogopa kumvunja moyo? Unadhani moyo huo utavunjika kwa raha zaidi ukumbini, wakwe wameinua simu wanarekodi?

Mwambie leo. Akirudi kazini, akishaoga na kula, mkiwa wawili tu. Usizunguke. Sema, "Baba, kompyuta ilikuwa inakusahihisha, na niliyeipanga hivyo ni mimi." Kisha nyamaza umsikilize. Kunyamaza unakuweza.

Mimi si mtu wa mitambo, barua yako nimeirudia ndipo nikaelewa, lakini jambo moja limenikaa: kila uzi una chaneli yake. Basi usimwondolee msaada wote kwa mpigo. Ondoa masahihisho kwenye uzi mmoja, ule mnene, nyingine ziendelee kusaidiwa. Atasikia mwenyewe anapokosea, na atajua ni uzi gani. Akiuzoea, mfungulie wa pili. Kazi hiyo ataielewa kuliko wewe, maana yeye hutafuta panapovuja kwa kufunga koki mojamoja. Na mipangilio hiyo usiiguse tena kabla hujamuuliza mwenye gitaa.

Wimbo uwe mfupi, wa taratibu. Siku ikifika na kuna nyuzi bado zinamshinda, aziache, apige zile anazoziweza. Dada yako hakuomba bendi. Kamwomba baba yake.

Atakununia? Huenda. Mwache anune, ilimradi gitaa liko mkononi.