Mkono Wako na Pingili Moja

Mama,

Karai lako liko pale pale kibandani Silibwet, limebonyea upande ule ule. Mimi ndiye ninayekaanga sasa. Wateja wako wananung'unika eti chumvi yangu haina adabu, lakini wanakula hadi miiba, kwa hivyo nawaacha waseme. Nakuandikia kwa sababu ya bwawa. Jana nilifanya jambo, na nataka ulisikie kutoka kwangu.

Tangu tukuzike, kikundi chetu cha bwawa hakikuwa kimevua. Hakuna aliyesema sababu, ila sote tulijua. Kipimo kilikuwa mkono wako. Kila samaki aliyetoka kwenye neti ulimlaza kuanzia kifundo cha mkono hadi ncha ya kidole cha kati, na asipofika anarudi majini. Hakuna aliyefikiria kukata hata kijiti cha urefu huo. Nani angewaza kwamba mkono ule utaingia udongoni?

Basi jana akaja mnunuzi kutoka Kericho na pikapu iliyojaa barafu. Alisema samaki wa ziwani wamepungua, na wale wa katoni kutoka ng'ambo wameharibu bei: ni wadogo, ni rahisi, kila kibanda kinawamudu. Kwa hivyo alitaka wetu wote, pamoja na wachanga, ili ashindane nao. "Wote, ama naenda." Mama, shule zinafunguliwa Januari. Niliona jinsi watu walivyoitazama ile pikapu.

Aliyepiga kelele zaidi ni Chebet, jirani yetu wa ng'ambo ya mto. "Wanjiru, hata chai si tunachuma ile changa? Na si inarudi?" Watu wakaitikia. Sisi ni watu wa chai, tumezoea kuvunja kilicho laini na wiki ijayo kimechipuka tena. Hivyo ndivyo walivyoingia bwawani na neti za mbu Krismasi moja, wakazoa hadi wachanga, wewe ukiwapigia kelele ukingoni hadi sauti ikakauka. Baada ya hapo tulivua vyura tu, mpaka tukanunua vifaranga vya samaki upya, na kwa baridi ya maji yetu wakakua kwa kujivuta. "Samaki si chai," ulituambia. "Chai ukichuma kichanga, kichaka kinabaki. Samaki mchanga ndiye kichaka chenyewe."

Neti ilipovutwa, Mzee Koech, mwenyekiti wetu, alinikabidhi samaki wa kwanza. "Ile mkono ilizikwa. Tumia yako tumalize."

Mkono wangu ni mdogo, kila mtu anajua. Mnunuzi alitabasamu na kuanza kushusha masanduku yake. Nikamlaza yule samaki, na alifika ncha ya kidole changu sawasawa. Nami nilijua ni mtoto. Mama, nilikukasirikia. Nilikukasirikia mbele za watu, samaki akinipigapiga mkononi, kwa kuondoka bila hata kutuachia kijiti.

Ndipo nikakumbuka kibandani, wateja wakikosekana, ulivyokuwa ukibandika kiganja chako kwenye changu kuona kama nimekua. "Bado pingili moja," ulikuwa ukisema, hata nilipokuwa na watoto wangu mwenyewe. Kidole changu kiliishia hapo, kwenye kiungo cha mwisho cha chako.

Nikaweka kidole cha mkono wa pili kwenye ncha ya kile cha kwanza, nikaongeza pingili moja. Samaki hakufika. Nikamrudisha majini. Aliyefuata pia. Nilipomrudisha wa tatu, mnunuzi alipakia masanduku yake, akaondoka na barafu yake. Mzee Koech alisema kitu kwa Kikipsigis ambacho siwezi kukiandika kwenye barua ya marehemu.

Wale wakubwa waliofika kipimo niliwapeleka Silibwet nikawakaanga. Wamenunuliwa, lakini karo haitatosha, na sitakudanganya. Jumapili baada ya kanisa kuna mkutano. Wanataka kuninyang'anya neti yako niliyorithi. Usiku sikulala vizuri. Kila nilipofumba macho niliona watoto wa watu wamekaa nyumbani kwa sababu ya pingili ya kidole.

Leo asubuhi Chebet alikuja kibandani. Hakunisalimia. Alinyoosha tu mkono juu ya meza, macho kwenye karai, akauliza, "Mimi sitaki kuvua vyura tena. Na yangu inaongezwa ngapi?"

Nilibandika kiganja changu kwenye chake ili nipime. Kilinipita kwa pingili moja, Mama. Moja kamili. Nilikishika hata baada ya kumaliza kupima, hadi akaniuliza kama moshi umeniingia machoni. Nikamwambia wake hauongezwi kitu.

Jumapili ataketi nami. Sijui kama wawili tutatosha. Lakini neti yako wakiichukua, wataichukua mikononi mwetu sote wawili, na samaki mchanga hatoki bwawani nikiwa hai. Hilo nakuahidi. Pumzika sasa, Mama, na huo mkono wako uupumzishe pia.

Wako,
Wanjiru