Mafunda Matatu ya Chai

Wodi ya Upasuaji,
Jumanne.

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji yangu na watoto, na kwamba mgongo wako umeacha kukusumbua. Mimi ni afadhali sana kuliko siku uliponiacha. Jana nilimeza maji, nayo yakapita yanakopaswa kupita. Daktari wa upasuaji aliitazama picha kwa muda mrefu, kisha akasema tundu limeziba na Jumamosi nitarudi nyumbani.

Habari za tundu hili hukupata kuzielewa vizuri, kwa sababu kila ulipouliza nilisingizia uchovu. Walipokata saratani kwenye umio, waliuvuta mfuko wa tumbo juu na kuuunganisha na kipande cha umio kilichobaki. Siku ya sita maungio hayo yakaanza kuvuja ndani ya kifua. Nilidhani nitapasuliwa tena, nikaanza kutoa wosia. Daktari alikataa. Alisema kifua changu hakitastahimili kisu cha pili, na kwamba si kila tundu huzibwa kwa sindano na uzi. Wakanilaza usingizi, wakapitisha kinywani mrija wenye kamera, wakaweka kipande cha sponji penye tundu lenyewe. Sponji hiyo imefungwa kwenye mrija mwembamba unaotokea puani hadi kwenye mashine, nayo mashine hufyonza usaha saa zote ili nyama iote na kuziba. Kila baada ya siku tatu au nne sponji hubadilishwa. Chakula nilipewa kwa mrija mwingine ulioingia ubavuni. Kwa kinywa, hata tone la maji lilikatazwa. Jirani yangu wa kitandani, fundi viatu mwenye maneno mengi, alisema nimegeuka gari: natiwa mafuta ubavuni, natoa moshi puani. Nilimkaripia.

Daktari alitaja sponji tatu, au nne zikizidi. Nimewekewa tisa. Wewe unaamini kwamba sababu ni muuguzi wa asubuhi, yule mama wa makamo anayetembea kama anayekimbia mvua. Kwamba alininywesha chai kwa uzembe. Ndivyo nilivyokuambia. Kwa neno langu uliandika malalamiko ya kurasa mbili, naye akaondolewa wodini, na keshokutwa ataitwa mbele ya kamati kujitetea asifukuzwe kazi.

Mdogo wangu, muuguzi yule hakuninywesha kitu.

Siku ya tano ya sponji, fundi viatu alipelekwa kupigwa picha, akaacha kikombe cha chai ya maziwa na mkate juu ya kabati letu. Nilikuwa sijaonja kitu kwa siku kumi na moja. Nilijiambia kwamba nitasukutua kinywa tu. Nikameza mafunda matatu, na mkate nikaumega. Sikujua kwamba mashine ile haina siri. Kabla sijakirudisha kikombe, chai ilianza kuingia katika chupa yake iliyo kando ya kitanda. Kisha makombo yakaziba sponji, nayo mashine ikalia. Daktari alipokuja akaniuliza nani amenipa chai. Wewe ulikuwa ndio kwanza umeingia, umesimama miguuni pangu. Nikaitazama chupa, nikakutazama wewe, nikasema ni muuguzi. Muuguzi, aliyekuwa amekuja mbio mashine ilipolia, aliniuliza tu, mzee, mimi? Kisha akachukua kitambaa akanifuta chai kidevuni.

Utataka kujua kwa nini. Miaka thelathini nilikagua mizani sokoni, nikafunga bucha ya mtu kwa ajili ya robo kilo, na wewe umekua ukiambiwa umuige kaka yako. Asubuhi ileile nilikuwa nimemfukuza mke wa fundi kwa kuja kabla ya saa ya kutazama wagonjwa. Niliona haya unione mdokozi wa chai. Sababu ni hiyo tu, na udogo wake ndio unaoniumiza. Homa na maumivu yaliyofuata yalikuwa haki yangu. Fedheha ya mama yule haikuwa haki yake.

Nakala ya barua hii hadi hapa nimempa mkuu wa wauguzi kabla ya kuifunga hii yako, maana najijua: ningekungoja wewe kwanza, ungelia, nami ningepata kisingizio. Aliisoma amesimama, akaniuliza kama nitayasema haya mbele ya kamati, muuguzi akiwapo. Nimekubali. Fundi viatu atanisukuma kwenye kiti cha magurudumu. Nilipomwungamia, alisema chai ile haikuwa hata na sukari, kwa hiyo nimejiaibisha bure.

Sina haki ya kukuamuru leo, nakusihi. Njoo Alhamisi saa nne, ufute malalamiko yako, kisha ukae upande wa muuguzi. Usikae karibu nami.

Nisalimie shemeji yangu. Watoto nao uwaambie ukweli, hata kama hawatataka tena kusahihishwa na mjomba wao.

Ni mimi kaka yako, niliyekudanganya.