Kilo Kumi na Moja

Binti yangu mpendwa,

Niwie radhi kukusumbua wakati huko maabarani mngali mnashangilia. Redio ilitutangazia kuwa mtambo wenu umeiona ile chembe inayovipa vitu uzito. Kinyozi, jirani wa karakana yangu, alinitania mbele ya wateja: "Mzee, miaka arobaini unatengeneza mizani, kumbe uzito wenyewe kauona binti yako!" Nikamjibu, "Mtoto wa nyoka ni nyoka." Tukacheka. Kisha akauliza, "Na chembe hiyo ikimtoka mtu, inakuwaje?"

Tafadhali usinikasirikie. Tangu mwezi wa tatu mizani ya karakana imekuwa ikinipunja kila nikiipanda. Kwa ufundi wangu, niliishuku mizani. Nimeifungua mara tatu, nikabadili springi, nikaijaribu kwa mawe yote ya kupimia. Juzi nilimwomba kinyozi apande, na uzito wake ukawa uleule wa mwaka jana. Mizani haina kosa, mwanangu. Nimepungua kilo kumi na moja.

Daktari amekusudia kunifanyia upasuaji tarehe mosi mwezi ujao, wala hafichi kwamba ni wa hatari. Anataka sahihi ya ndugu wa damu.

Ugonjwa wa marehemu mama yako nilikuficha hadi siku ya mwisho, nikidhani nakuhurumia, nawe ulinisamehe kwa taabu. Kosa hilo sitalirudia. Pale pa sahihi kwenye fomu ya daktari nimepaacha wazi. Naomba uje, mama.

Ni mimi baba yako, mwenye kukupenda kuliko nilivyowahi kusema.