Rakaa Nne za Baba

Maskati, Novemba 1970

Bado Baba anapunguza sala kama msafiri, rakaa mbili badala ya nne, na leo shangazi hakunyamaza.

"Kaka, mizigo ishafunguliwa, pazia zishatundikwa, wewe msafiri tu?"

"Niache, dada. Nnaweza kuondoka kesho."

Hilo ndilo linaloniudhi. Jangwani, tulipotoka Khartoum kwa treni, lilikuwa sawa. Treni ikisimama, wanaume wakiteremka kusali mchangani. Port Sudan pia, katika nyumba ya varanda pana iliyojengwa na Waingereza, tulikuwa tunangoja meli tu. Lakini hapa imefunguliwa skuli ya wasichana, na Baba hataki kuniandikisha mpaka ajue kama tunakaa. Naogopa nimeanza kusahau hesabu.

Mchana aliitwa kwenye ofisi alikoomba kazi. Aliporudi akatandika mswala. Mama na mimi tukasali alasiri nyuma yake. Baada ya rakaa ya pili nikangoja atoe salamu. Akasimama. Nikadhani amesahau, lakini Mama naye alisimama bila kusita.

Tulipomaliza, Baba aliniuliza kama viatu vyangu vya skuli vingali vinanienea.

Vinabana kidogo. Nimesema vinanienea.