Poti Mpya kwenye Mashine ya Baba Minza

Jumanne, 3 Februari

Picha za pasipoti asubuhi yote. Wanafunzi. Nimewapanga kwenye benchi, nimewafuta jasho, nimewaambia wasicheke. Mchana umeme umekatika. Mvua.

Mama Saida alikuja nikiwa nakunja pazia la studio. Ana duka la vitenge sokoni. Mimi na mume wangu, Baba Minza, ndio tulipiga video ya harusi ya binti yake, miaka ile. Saida amefariki mwezi uliopita, baada ya kujifungua. Mtoto amebaki, wa kike. Msibani nilikwenda, nikakaa nyuma, nikatoka mapema. Misiba siiwezi tangu Baba Minza aondoke.

CD ya harusi waliyopewa imekwaruzika, haisomi kabisa. Anataka nyingine. Si kwa ajili yake, anasema, ni kwa mjukuu. Kuna sehemu Saida anaongea peke yake mbele ya kamera.

"Huyu mtoto atakua hajawahi kusikia sauti ya mama yake. Nitafutie, Mama Minza."

Nikasema nitatafuta. Sikumwambia iko wapi.

Jumatano, 4 Februari

Iko kwenye mashine ya Baba Minza. Ile kompyuta kubwa ya mezani, chumba cha nyuma, chini ya shuka. Wiki chache baada ya kumzika radi ilipiga ikaunguza poti zake zote za USB. Inawaka, inaonyesha, lakini huwezi kuchomeka kitu kikasoma. Flashi haisomi. Diski ya nje haisomi. Kibodi na kipanya ni vya plagi ya duara, vya zamani, ndiyo maana vimepona. Mimi kazi zangu nafanya kwenye laptopu. Huku nyuma sikuwa naingia.

Leo nimetoa shuka. Vumbi tupu. Imewaka.

Harusi ya Saida ipo. Na folda ya Kasekese ipo.

Ya Kasekese sikuifungua. Najua kilichomo. Baba Minza alikuwa mpiga picha, na mpiga picha hapigwi. Siku moja tu, tukivuna mahindi kwa baba yangu kijijini Kasekese, nilimnyang'anya kamera nikampiga yeye mpaka jua likashuka. Anabeba magunia. Anabishana na baba habari za ng'ombe. Anamfundisha Minza wimbo, Minza bado mdogo, anakosea. Video nyingine yenye yeye hakuna. Picha za mgando zipo, lakini hazisemi.

Nimeizima. Nimekaa humo ndani hadi Minza alipotoka shule.

Ijumaa, 6 Februari

Fundi Deus amekuja. Mpimbwe wa kijiji cha Mamba, mtu mzima, aliwahi kufanya kazi na marehemu. Alipoiona mashine alivua kofia.

Nilimuuliza kwa nini asitoe diski akazichomeke kwenye kompyuta nyingine. Amejaribu. Ndani ziko mbili, Baba Minza aliziunganisha zifanye kazi kama moja ili video ziende haraka, na zinajuana na mashine hii tu. Kwingine zinaonekana tupu. Madabodi kama hii, ile bodi kuu ya ndani, haipatikani tena, si hapa, si Tabora.

Njia iliyobaki ni kuipa mashine poti mpya. Kuna kadi za kuchomeka ndani, kwenye nafasi iliyo wazi. Nyuma zinatokeza poti za kisasa, zile zenye rangi ya bluu, na ile ndogo ya mviringo kama ya kuchajia simu za siku hizi. Zinapitisha haraka sana kuliko zilizoungua. Hilo ndilo muhimu, anasema, kwa sababu diski moja inagonga.

Nikaweka sikio. Kweli. Tk. Kimya. Tk.

Diski inayogonga haina muda. Ikipata joto inaweza kusimama na isirudi. Ameagiza kadi Dar, itakuja na basi. Amenikataza kuiwasha mpaka hapo.

Naogopa.

Jumapili, 8 Februari

Kanisani sikusikia mahubiri. Mvua usiku kucha. Nimechomoa kila waya ukutani.

Jumatatu, 9 Februari

Kadi imefika. Ndogo, inaingia kwenye kiganja. Deus amefungua ubavu wa mashine, amepuliza vumbi, ameondoa kibati cha nyuma, ameikandamiza kadi mpaka ikakaa. Inahitaji moto wake yenyewe, ameuchukua kwenye waya wa kisoma disketi cha zamani ambacho hakuna mtu anakitumia.

Tumewasha. Mashine haiioni kadi. Inataka draiva, programu ya kuitambua, nayo iko kwenye CD iliyokuja na kadi. Mlango wa CD umekwama. Deus amenyoosha kibanio cha karatasi akachokonoa kitundu cha mbele. Ukafunguka nusu, ukarudi. Umeme ukakatika.

Nilipiga meza ngumi. Sikujua kama bado nina hasira namna hiyo.

Jumanne, 10 Februari

Deus amekuja na kisoma CD kutoka mashine nyingine. Draiva imeingia. Tumechomeka diski mpya ya nje kwenye ile poti ndogo. Taa ya bluu. Kona ya skrini ikaandika kwamba imeona kitu kipya. Deus alikaa chini, akacheka peke yake.

Kisha akaacha kucheka. Akaniambia tusijidanganye, diski haitatoa vyote viwili kwa mkupuo. Harusi ni kubwa, Kasekese ni kubwa vilevile, zote ni picha mbichi za kamera. Tukimaliza moja itabidi ipoe siku nzima, na ikipoa huenda isiamke.

"Mama Minza, uchague mwenyewe tuanze na ipi. Mimi siwezi kukuchagulia."

Nimemwambia arudi keshokutwa.

Jumatano, 11 Februari

Nimemchukia Mama Saida leo. Naandika kwa sababu ndivyo ilivyo. Angekuja mwaka kesho. Angemwendea mpiga picha mwingine. Zaidi ya Deus hakuna anayejua kilichomo ndani ya mashine hii, naweza kusema imeungua na ataniamini. Mashine kuukuu, radi, nani atabisha?

Minza yuko kidato cha pili. Anamkumbuka baba yake. Nadhani anamkumbuka. Yule wa Saida hata shingo haijakaza.

Mchana nimepita sokoni kununua dagaa. Mama Saida alikuwa dukani na mtoto mgongoni, anampimia mteja kitenge. Hakuniuliza kitu. Alinisalimia tu, akageuka nimwone mtoto.

Sijala.

Alhamisi, 12 Februari

Nimesema tuanze na harusi.

Deus ameanza kazi. Amefungua ubavu, ameelekeza feni kwenye diski, nami nimeshika kipande cha boksi nikipepea kama mtu anayepepea jiko. Mstari wa kijani ukawa unasogea. Haraka. Poti za zamani zisingeweza. Kuna mahali ulisimama, diski ikagonga mara nyingi mfululizo, Deus akafumba macho. Ukaendelea.

Imeingia yote. Tumeijaribu kwenye laptopu, inacheza mwanzo hadi mwisho.

Tumezima. Ipoe.

Jumamosi, 14 Februari

Haijaamka.

Deus ameijaribu asubuhi, ameijaribu tena baada ya kula. Inagonga, inagonga, skrini inabaki nyeusi. Ametoa diski, amezirudisha, amebadilisha waya. Mwisho akaniambia, "Dada, imekwenda." Akanisaidia kukaa kwenye stuli.

Nililia mbele yake. Sikujificha.

Jumanne, 17 Februari

Nimempelekea Mama Saida. Tuliangalia kwenye laptopu, chumbani kwake, mlango umefungwa. Saida na hina mikononi, anaiambia kamera: "Mama, nyie msilie. Naenda Shanwe tu, siendi Ulaya." Anacheka, anaomba irudiwe, hairudiwi.

Mama Saida hakulia. Alimsogeza mtoto karibu na spika. Mtoto alikuwa amelala.

Nilikuwa nimeisikiliza yote nyumbani kwanza. Baba Minza alikuwa haongei akipiga, alisema sauti ya mpiga picha inaharibu kazi. Mahali pamoja kuna mtu anakohoa karibu na kamera. Inaweza kuwa yeye. Inaweza kuwa mtu mwingine yeyote. Mama Saida sikumwambia habari ya Kasekese. Hahitaji kubeba na hilo.

Jumamosi, 21 Februari

Deus ameweka diski nyingine, moja, nzima. Mashine inawaka vizuri. Poti zote zinasoma. Nitaileta mbele, kwenye kazi.

Jumapili, 22 Februari

Hakuna mvua leo. Tumefua, mimi na Minza, tumeanika.

Nimemwambia. Kwamba kulikuwa na video ya baba yake Kasekese, kwamba haipo tena, na kwa nini. Nilitegemea akasirike. Aliendelea kukamua shuka. Akauliza mtoto wa Saida anaitwaje. Sikujua.

Baadaye, tukimenya viazi, nikamwambia jambo ambalo sijamwambia mtu, kwamba naanza kusahau baba yake alivyokuwa anacheka. Nikajaribu kuiga. Haikuwa yenyewe.

"Hapana, mama," akasema. "Alikuwa anaanzia puani, hivi."

Akacheka. Nikaacha kumenya.

Nikamwomba arudie. Akarudia.