Baba Alininunulia Biblia, Darasani Wanasema Ina Kasoro

Mama Priska, shikamoo. Safu yako huwa tunaisoma kwa sauti hapa kwenye cherehani, na matatizo ya wenzangu nimeshayacheka sana. Leo nimeleta la kwangu, na nakuomba usicheke kabla hujafika mwisho.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na moja, mzaliwa wa Kihurio, familia ya Kiislamu ya wakulima wa mpunga, mama yangu alifariki kabla sijaanza shule na baba yangu, mzee Chande, hakuoa tena, alinilea mwenyewe, alikuwa ananisuka nywele vibaya mpaka shangazi yangu Zaituni anakuja kunifumua na kunisuka upya, kwa hiyo ninapoandika baba ujue namtaja mtu aliyekuwa baba na mama kwa pamoja. Nilipomaliza kidato cha nne alinileta hapa Same mjini kujifunza ushonaji kwa Mama Susana, mjane kutoka Vudee, naishi kwake na nafanya kazi kwake, na ni huko kwa Mama Susana nilikoanza kuupenda Ukristo, naye hakuwahi kuniambia twende kanisani hata mara moja, ni mimi niliyemwomba, maana alikuwa akishona anaimba, na wateja wabaya anawajibu vizuri, nikataka kujua anapata wapi moyo ule. Hakuna mwanaume katika habari hii, nalisema mapema kwa sababu ndilo swali la kwanza kila mtu ananiuliza.

Nilikwenda Kihurio kumwambia baba mwenyewe, sikutaka ayasikie kwa watu. Hakunipiga wala hakupandisha sauti, alichukua jembe akaenda shambani jua likiwa kali, akarudi jioni tukala bila kuongea. Shangazi Zaituni ndiye aliyesema, alisema nisimpigie simu tena, na mpaka leo nikipiga hapokei.

Baadaye, siku ya gulio, baba akatokea hapa dukani kwetu bila taarifa, amevaa kofia na kanzu yake safi, akamsalimia Mama Susana kwa heshima zote, akaniambia, "Vaa viatu, twende." Mama Priska, nilijua ananirudisha nyumbani. Tulikuwa tunaelekea stendi, mimi nyuma yeye mbele, najifuta machozi kwa upande wa mtandio asinione, mara akaiacha njia akaingia kwenye duka moja linalouza madaftari na vitabu vya dini. Kijana muuzaji alimwangalia ile kofia, akadhani mzee amepotea.

Baba akasema, "Nataka Biblia ya binti yangu."

"Ipi, mzee?"

"Kwani ziko ngapi?"

Yule kijana akamtolea mbili, moja ya tafsiri ya zamani na moja ya Kiswahili chepesi. Baba akamwomba afungue mahali pamoja katika zote mbili amsomee. Kijana akasoma ya zamani, akasoma ya pili, baba akiwa amefumba macho kama anavyofanya akisikiliza hotuba ya msikitini. Kisha akaweka mkono juu ya ile nyepesi. "Hii," akasema. Halafu akanigeukia mimi, mbele ya yule kijana: "Tausi, njia uliyoichukua mimi sikubaliani nayo, na sitajifanya nakubali. Lakini mtoto wangu hatasoma kitabu cha kuazima. Na siku utakapokuja kunieleza kwa nini umeondoka, unisomee kitu ninachokielewa."

Hapo sikuweza tena kuyaficha machozi.

Nikaanza kuisoma, na kweli naielewa, nikisoma najisikia kama mtu anaongea na mimi jikoni. Tatizo likaja kwenye darasa la mafundisho ya ubatizo. Tunasoma kwa zamu, kila mtu mstari mmoja, na zamu yangu ilipofika namba ya mstari ule haikuwepo katika Biblia yangu, inaruka, inatoka namba ya kabla yake inaenda ya mbele. Nikabaki nimekodoa macho, wote wamenigeukia. Kiongozi wetu wa vijana, Nickson, ambaye ndiye hutusaidia darasani, akaja akaangalia, akasema, "Mnaona? Hizi tafsiri mpya zimepunguzwa. Maneno ya Mungu yamekatwa humu." Akaniuliza nimeipata wapi. Nikasema amenunua baba. Darasa zima linajua baba yangu ni nani. Nickson akasema kwa upole kabisa, "Dada, nipe nikutunzie. Wewe bado mchanga, usianze na kitu chenye kasoro." Nami nikampa, Mama Priska, nikampa kama mtu anayerudisha chenji iliyozidi.

Mama Susana aliposikia sina Biblia, jioni ile alifungua sanduku lake akatoa kitu kimefungwa kwenye kanga, Biblia ya marehemu mumewe, mzee Zephania, ya tafsiri ya zamani, jalada jeusi limelainika kama ngozi ya mkono. Akasema watoto wake wa kiume wako Dar na hakuna aliyewahi kuiulizia, na kwamba angependa siku ya ubatizo niishike mimi. Alikuwa analia na kucheka. Nilipokea kwa mikono miwili. Lakini nikiisoma ni kama natafuna bila kumeza, ingawa kuna maneno, kama dhabihu na kafara, ambayo mimi ndiye ninayemweleza Mama Susana, kwa sababu niliyasikia madrasa nikiwa mdogo na yeye lugha yake ni Chasu, yaani Kipare.

Sasa juzi baba amepiga simu. "Unasoma?" Nikasema nasoma. "Ile niliyokununulia?" Nikasema ndiyo baba, ile ile. Akasema, "Basi siku ya ubatizo wako nitakuja. Ndani sitaingia, lakini nitakuja." Na kanisani kwetu, Mama Priska, waliobatizwa hutoka kwa mlango wa mbele wakiwa wamezishika Biblia zao kifuani, watu wanawasalimia nje. Nje ndiko baba atakuwa.

Nikitoka na ya mzee Zephania baba ataiona. Nikitoka na ya baba, Mama Susana ataumia, na Nickson na wenzangu watasema nimebatizwa na Biblia pungufu. Na usiku ninajiuliza, kama kweli maneno yamekatwa, je, yale niliyoyaelewa na kuyapenda yalikuwa ya kweli? Biblia ipi ni sahihi? Nisaidie, ubatizo ni Jumapili ya wiki ijayo, na mkono huu unaoandika umeshaharibu gauni la mteja kwa mawazo.

Tausi, Same

MAMA PRISKA ANAJIBU

Marahaba, Tausi. Sijacheka. Nimeisoma barua yako, nikaenda kuinjika chai, nikarudi nikaisoma tena kabla sijashika kalamu.

Nianze na lile linalokunyima usingizi, kwa sababu ndilo jepesi. Mimi si mchungaji, lakini haya hata mchungaji wako atakuambia. Biblia haikuandikwa kwa Kiswahili. Iliandikwa kwa Kiebrania na Kigiriki, na sehemu ndogo kwa Kiaramu, ikanakiliwa kwa mkono na watu wengi kwa karne nyingi. Katika nakala hizo za kale kuna mistari michache ambayo nakala nyingine zinayo na nyingine hazina. Wafasiri wa zamani walifuata zile walizokuwa nazo. Waliokuja baadaye walipata nakala nyingine za kale zaidi, na pale mstari usipokuwemo wakaruka namba, na mara nyingi wakaeleza chini ya ukurasa. Uliangalia chini ya ukurasa, mwanangu? Hukuangalia, ulikuwa unaangalia nyuso za wenzako. Hakuna mtu aliyekaa na mkasi akamkata Mungu maneno. Yale uliyoyaelewa na kuyapenda ni yale yale yaliyomo katika Biblia ya mzee Zephania, yamevaa nguo nyingine tu, na wewe fundi nguo unalijua hilo kuliko mimi.

Unaniuliza ipi ni sahihi. Uliposindikizana na Mama Susana kwao Vudee, maana najua amekupeleka, hukuwasikia wazee wakisoma Agano Jipya kwa Chasu? Nani aliwaambia wamekosea? Kwa mtu anayeanza, Biblia nzuri ni ile anayoifungua kesho tena bila kulazimishwa. Kwako ni ile nyepesi. Ya zamani nayo usiidharau, ina uzuri wake, kanisa lenu limeikariri, na utahitaji kuifuata watu wanaposoma pamoja. Ziweke zote mbili mezani. Zikitofautiana, andika mahali penyewe ukamuulize mchungaji. Mchungaji, nimesema.

Sasa nikugombeze.

Nickson alikuomba kitu kisicho chake na wewe ukampa. Simsemi vibaya kijana huyo, pengine aliamini anakulinda, watu wengi hulinda wenzao kwa namna hiyo bila kuuliza kama wanataka kulindwa. Lakini wewe! Mzee wa Kihurio amevaa kanzu safi, amepita mbele ya macho ya watu wanaomjua, ameingia duka ambalo hakuwahi kufikiri ataliingia, amefumba macho akasikiliza kitabu cha dini isiyo yake, akakuchagulia kile atakachokielewa yeye siku utakapomsomea. Kitu hicho ukakitoa kwa sababu kijana mmoja alisema kwa upole. Halafu ukamwambia baba yako "ile ile." Unataka kuanza maisha mapya ya imani kwa kumdanganya mtu aliyekusuka nywele?

Pole. Najua nimekuchoma. Futa uso tuendelee.

Kesho, kabla hujakanyaga cherehani, nenda kwa Nickson. Usiende na hasira wala usiende na kikundi. Sema, "Kaka, naomba Biblia yangu." Akianza kueleza, sikiliza mpaka mwisho, kisha sema tena maneno hayo hayo. Usirudi bila hiyo.

Ukitoka hapo mkalishe Mama Susana chini. Mwambie ukweli wote kuhusu lile duka na baba yako, nina hakika hujamweleza, ungekuwa umemweleza asingefungua sanduku lile. Usimrudishie Biblia ya mumewe kana kwamba unarudisha sahani. Mwombe aishike yeye mwenyewe siku hiyo, atembee kando yako, na mwambie kwamba jioni mtakuwa mkiisoma pamoja, wewe ukimweleza yale maneno ya madrasa. Mjane aliyetoa kitu hicho alikuwa anatafuta mtu wa kusoma naye.

Halafu mpigie baba. Kwa sauti, si kwa ujumbe. Mwambie ulimdanganya, na kwamba sasa umeichukua tena Biblia yake. Usimtaje Nickson. Atanyamaza, mwache anyamaze. Jumapili akisimama nje, mwache asimame nje. Usimvute aingie, usimhubirie, wala usiwaruhusu wenzako wamzunguke na nyimbo. Yeye amekuambia wazi asichokikubali na bado anakuja. Mheshimu kwa kiasi hicho hicho.

Na shangazi Zaituni endelea kumpigia kila wiki, hata asipopokea. Aone jina lako.

Toka kwa mlango wa mbele, Tausi, na Biblia ya baba yako kifuani. Na lile gauni ulirekebishe, mteja hana kosa.

Mama Priska

(Tulikuwa bado hatujachapisha barua hii Tausi alipotutumia ujumbe mwingine. Mama Priska alikuwa amemjibu kwanza kwa simu, kwa kuwa Jumapili ilikuwa karibu. Tunauweka hapa kwa ridhaa ya Tausi.)

Mama Priska, nimefanya yote, na si yote yaliyokwenda kama nilivyotaka.

Nickson alinipa Biblia yangu, ila alisema, "Mimi nilikuwa nakulinda, kumbuka nilikuambia." Mpaka leo hatujakaa sawa. Mama Susana nilipomweleza habari za duka aliacha kushona, akasema, "Na mimi nikakupa nyingine juu yake! Tausi, kwa nini hukusema?" Siku nzima hakuimba. Kesho yake akaniuliza neno "kafara" lile nililomweleza lilikuwa na maana gani vile, nikajua amenisamehe.

Baba nilimpigia nikamwambia yote, naye akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kwa hiyo ulinidanganya." Nikasema ndiyo baba. Akakata simu. Sikujua kama atakuja.

Jumapili nikatoka kwa mlango wa mbele, Mama Susana yuko kando yangu na ya mumewe mkononi, na nilimwona baba kwa mbali kwenye geti, peke yake, amesimama wima kama mtu aliyefika msibani asikojua watu. Nilitaka kukimbia, nikakumbuka maneno yako, nikatembea. Mama Susana ndiye aliyetangulia kumfikia. Akamwambia, "Mzee Chande, shikamoo. Una mtoto mzuri."

Baba akasema, "Marahaba. Mkaidi."

Halafu akanitazama mimi, akaitazama Biblia. Aliniuliza kama nimekula. Nikasema bado. Akasema mpunga umeshaanza kutoa masuke na mwaka huu ndege ni wengi mno, watu wameshindwa kuwaamia na kuwafukuza, mikono haitoshi, Jumamosi nije nyumbani nisaidie.

Nikamuuliza, "Na shangazi je?"

"Shangazi yako atakuwepo," akasema. "Njoo na nguo za shamba."