Vifaranga Waliopinda Mgongo

Kikwajuni, Unguja
Mfungo Mosi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Je, kifua kimekuachia, na Pangani mvua zimenyesha? Mimi mwili mzima, ila moyo hautulii, na sababu ni barua yako.

Umeniandikia kama kichekesho kwamba mke wangu Mwanahawa, na mimba yake hiyo, anakwangua udongo wa ukuta wa jikoni na kuutafuna, na ukimkataza anangoja uende kisimani. Mama, mimi sikucheka. Kukueleza kwa nini, lazima nianze na samaki.

Unajua kazi yangu ni kulisha vifaranga wa perege, katika mabwawa yaliyochimbwa huku baada ya Mapinduzi. Tulikuwa tukiwapa pumba za mpunga na machicha ya nazi, wanakula mpaka matumbo yanatuna. Kisha nikawaona wanajazana kwenye ukuta wa birika tunamowalea wakiwa wadogo, wanadonoa chokaa. Nikadhani wanacheza. Haukupita muda, migongo ikaanza kupinda. Kifaranga mnene, mwenye afya ya kutamanisha, anaogelea upandeupande kama baiskeli iliyopinda rimu!

Bwana anayesimamia mabwawa akasema chakula chetu kinashibisha lakini hakina madini ya kujenga mifupa. Nikaenda Darajani kwa wauza nyama, nikaomba mifupa ya ng'ombe, nikaichoma, nikaazima kinu cha mwenye nyumba wangu, Bi Time. Kelele zake ungezisikia huko.

"We mwana! Kinu changu cha kisamvu ndo watwangia mizoga?"

"Chakula cha samaki, Bi Time. Wadogo wanapinda migongo, wamefika hata kula chokaa ya ukuta."

Akanitazama. Nilikuwa nimeshamsomea barua yako.

"Na mkeo anayekula ukuta, anakula nini chengine?"

"Muhogo. Na chai kavu."

"Basi nawe wahangaikia samaki!" akasema, akaniachia kinu.

Tangu hapo usingizi wangu ni wa mang'amung'amu. Najua mtu si perege, usinicheke. Lakini mpeleke Mwanahawa kwa mkunga wa zahanati, na habari ya udongo msimfiche. Mpe dagaa, awatafune na mifupa yao. Mwombe shangazi maziwa ya mbuzi wake. Wala usimgombeze tena pale ukutani, mwambie tu kwamba mumewe ana hofu.

Nisalimie huyo shangazi, na kaka anayekusomea barua hii, asiruke mstari.

Nilitaka kuishia hapo, lakini hili nalo ulijue. Vifaranga wapya, waliolelewa kwa unga wa mifupa tangu mwanzo, wamenyooka wote. Wale wa kwanza bado wamo birikani, nawapa unga uleule, wanaula kwa pupa. Waliokwisha kupinda hawanyooki, mama. Usiingoje hata siku ya gulio. Mpe leo.

Mwanao asiyetulia,
Mbwana